Amana na Dhamana

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na kila nilipoifundisha darasa lilicheka, kwa sababu kila mwanafunzi alimfahamu mtu aliyechangamka siku ya kupokea fedha na kununa siku ya kulipa. Lakini baada ya kustaafu nimeona kwamba methali hiyo inamsema mkopaji peke yake. Juu ya mkopeshaji haina neno. Haituelezi ni nani anayestahili kualikwa kwenye harusi hiyo, wala ni nani anayesimama mlangoni kuwachagua wageni. Hilo ndilo ninalotaka kulitafakari hapa.

Jambo lenyewe lilinijia kwa njia ya kawaida kabisa. Jioni moja kijana seremala, mtoto wa jirani yangu hapa Morogoro, alikuja nyumbani nikiwa nimekaa barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu kiti. Kazi zinakwendaje?"

"Kazi nzuri, Mwalimu, ila leo nimerudi na jambo linaniuma."

Alikuwa ametoka mjini, kwenye benki moja binafsi, kuomba mkopo wa shilingi 4,000,000 ili anunue mashine ya kupiga randa. Kwa miaka sita amekuwa akipakia mbao zake kwenye mkokoteni hadi kwa mtu mwenye mashine, anasubiri zamu, analipia kila ubao, kisha anarudi nazo. Alikuwa amepiga hesabu kwamba fedha anazomlipa mwenye mashine kwa mwaka na nusu zingetosha kununua mashine yake. Afisa mikopo alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akamsikiliza. Kisha akamtajia mahitaji: hati ya nyumba au kiwanja, leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, hesabu za biashara na taarifa ya akaunti ya miezi kumi na miwili. Kijana ana vyumba viwili alivyojenga mwenyewe katika eneo ambalo halijapimwa. Hati hana.

"Sasa Mwalimu," akaniambia, "ningekuwa na hivyo vyote, ningekwenda kukopa nini? Na liko jambo moja hakuniuliza. Hakuniuliza kama vitanda ninavyotengeneza ni vizuri."

Nikanyamaza. Akaongeza: "Je, wamenidhulumu, au mimi ndiye sielewi?"

Mwalimu akiulizwa swali namna hiyo hana haki ya kulikwepa kwa kusema pole. Nilimwambia anipe muda. Makala hii ndiyo muda wenyewe.

Tuanze na fedha. Watu wengi huizungumzia benki kana kwamba ni tajiri mmoja mkubwa aliyekaa juu ya sanduku lake, akimpa huyu na kumnyima yule kwa kadiri ya moyo wake. Si hivyo. Sehemu kubwa ya fedha ambazo benki hukopesha si mali yake. Ni fedha zilizowekwa na watu wengine: muuza duka, kanisa, msikiti, kampuni, mjane anayepokea kodi ya vyumba vitatu. Nami ni mmoja wao. Nilipostaafu, kiinua mgongo changu kilipitia benki, na sehemu yake ingali huko hadi leo. Kiswahili kimezipa fedha hizo jina zuri sana: amana. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, ambacho si chako, na ambacho mwenyewe akija kukidai ni lazima umrudishie. Neno hilo ni ndugu wa imani na wa kuaminiwa. Kwa hiyo afisa mikopo anayemkatalia seremala si bahili anayelinda mali yake. Ni mtunza amana anayelinda mali yangu.

Na hatari ya kupotea kwa amana si ya kubuni. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja kwa sababu mitaji yao ilikuwa imepungua chini ya kiwango cha sheria. Baadhi yake zilikuwa zimeanzishwa kwa ajili ya watu wadogo hasa: wakulima, wanawake, wakazi wa wilaya fulani. Wakati ule Bima ya Amana ilimlipa mwenye akaunti hadi shilingi 1,500,000 tu, na aliyekuwa na zaidi alipaswa kungoja mali za benki ziuzwe. Kiwango hicho kiliongezwa mwaka 2023 hadi shilingi 7,500,000. Mwalimu aliyeweka humo shilingi milioni kumi na mbili za kujengea nyumba alikuwa na haki ya kuuliza: fedha zangu mlimkopesha nani, na mlimwamini kwa lipi?

Kwa hiyo ukiuliza kama benki imedhulumu kwa kumkatalia mtu mkopo, ni lazima uweke mizani yenye sahani mbili. Upande mmoja amekaa seremala. Upande wa pili nimekaa mimi na mjane wa vyumba vitatu, ingawa hatuonekani katika chumba kile.

Nchi yetu imewahi kujaribu kukopesha kwa mizani nyingine. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967 nilikuwa kijana wa shule, na siku iliyofuata ilitangazwa kwamba benki za kigeni zimetaifishwa. Ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Tulishangilia, na sioni haya kusema hivyo. Benki zilizotaifishwa zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi na biashara ya kusafirisha mazao kwenda ng'ambo, na mkulima mweusi hakuwa na la kutafuta mlangoni mwao. Tena wakati wa utawala wa Waingereza ilikuwapo sheria iliyofanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisiweze kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali. Walisema wanamlinda Mwafrika asitumbukie kwenye madeni. Lakini ni nani atakayemkopesha mtu ambaye hawezi kumdai? Kwa kumlinda hivyo walimfungia nje.

Baada ya 1967 mlango ulifunguliwa, ila kilichokuwa kikiamua nani akopeshwe mara nyingi kilikuwa mpango wa taifa. Mashirika ya umma na vyama vya ushirika vilipewa mikopo kwa sababu kazi yao ilitakiwa iendelee, si kwa sababu ilionekana watalipa. Nia ilikuwa njema. Matokeo tunayajua. Mashirika mengi hayakulipa, na hakuna aliyeona amemwibia mtu, maana fedha zilikuwa za umma, na cha umma kilihesabiwa kama hakina mwenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 benki za umma zilikuwa zimelemewa na madeni yasiyolipika. Serikali iliunda tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu. Mwaka 1991 ikapitishwa sheria iliyoruhusu tena benki binafsi, na chombo maalumu kikaundwa cha kufuatilia madeni yale mabaya. Benki binafsi za kwanza zikafungua milango mwaka 1993. Mwaka 1996 iliyokuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini ikabinafsishwa, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ili sehemu zake nazo zibinafsishwe baadaye.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Benki hizo mpya na zile zilizobinafsishwa zilirithi hofu pamoja na majengo. Zilipendelea kukopesha kampuni chache kubwa za Dar es Salaam, na fedha zilizobaki kununua dhamana za serikali. Hapa ndipo msomaji asiye mtu wa fedha anapaswa kusimama kidogo. Serikali inapokopa kwa riba nzuri, na kila mtu anajua italipa, benki haina sababu ya kuhangaika na seremala. Inakaa ofisini, inanunua karatasi za serikali, na faida inakuja. Ni kama mwalimu aliyepewa kuchagua kati ya darasa la wanafunzi ishirini waliokwisha kufaulu na darasa la wanafunzi mia moja wasiojulikana, mshahara ukiwa ule ule.

Tukirudi kwenye meza ya afisa mikopo, ni vitu gani hasa anavitazama? Kwa kadiri nilivyoelewa kwa kuuliza, na wengine niliowauliza ni watoto wa walimu niliowafundisha, vitu hivyo si vingi.

Kwanza ni mapato yanayoonekana. Ndiyo maana mwalimu wa serikali hukopeshwa upesi kuliko mkulima anayemlisha. Mshahara wa mwalimu unajulikana tarehe na kiasi, na makato hufanyika kabla hajaushika. Mvua haina tarehe. Mkulima wa mahindi anaweza kuwa mwaminifu kuliko mwalimu yule, lakini benki haiwezi kuikata mvua kila mwisho wa mwezi.

Pili ni dhamana, yaani kitu ambacho benki itakiuza ukishindwa kulipa. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuimiliki na kuitumia. Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziliweka njia ya kupata hati, mjini na kijijini, na tangu mwaka 2004 umekuwapo mpango wa kurasimisha mali za wanyonge ili ziweze kudhamini mikopo. Ni jambo jema. Lakini hati ya kimila ya shamba la kijijini, hata ikikubaliwa na sheria, humtia wasiwasi mkopeshaji. Shamba hilo likipigwa mnada ni mwanakijiji gani atakayenunua shamba la jirani yake aliyefilisika, kisha alime mbele ya macho ya watoto wake?

Tatu ni gharama. Kumchunguza seremala wa milioni nne kunahitaji muda unaokaribiana na wa kumchunguza mfanyabiashara wa milioni mia nne. Faida inayopatikana kwa seremala ni ndogo, uchovu ni ule ule.

Nne ni kumbukumbu za mkopaji. Siku hizi kuna kanzidata ambamo benki huangalia kama mtu aliwahi kukopa kwingine na alilipaje. Zamani mtu aliweza kukimbia deni kwa kuvuka barabara.

Tano ni hali ya nyakati zenyewe. Mwaka 2017 mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kama ilivyokubaliwa, ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote nchini, wakati Benki Kuu hutaka isizidi 5. Benki zikabana. Miaka ilipopita na madeni kupungua, zikalegeza.

Vyote hivi huonekana katika riba. Katika miaka ya karibuni mkopaji wa kawaida ametozwa kwa wastani kati ya asilimia 15 na 17 kwa mwaka, ilhali mwenye akaunti ya akiba hapati hata asilimia 4. Watu wanaiona tofauti hiyo na kusema ni wizi. Sehemu ni faida, sikatai. Lakini sehemu nyingine ni gharama za ofisi, na sehemu nyingine ni deni la yule asiyelipa, ambalo hugawiwa kimyakimya kwa wale wanaolipa. Asiyelipa haikopi benki peke yake. Anamkopa pia mkopaji anayekuja nyuma yake. Si ajabu kwamba katika kamusi za zamani neno kukopa lilibeba pia maana ya kudanganya.

Mpaka hapa nimeitetea benki, na kama ningeishia hapa ningemwambia yule kijana: hukudhulumiwa, nenda katafute hati. Kinachonizuia kuishia hapa ni kwamba nami niliwahi kukaa katika kiti cha mkopeshaji, na ninajua nilichokifanya.

Kuanzia mwaka 1994 hadi 2000 nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mikopo ya ushirika wa akiba na mikopo katika chuo cha ualimu nilichofanyia kazi. Tulikuwa watu watano. Tulikutana kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwenye chumba cha walimu, tukiwa na fomu, chai, na uwezo wa kumfurahisha au kumhuzunisha mwenzetu.

Mwaka 1995 aliomba mkopo mwalimu mmoja kijana. Alikuwa msemaji mzuri, amevaa vizuri, na fomu yake ilijazwa kwa mwandiko wa kupendeza. Aliomba shilingi 300,000. Alikuwa na wadhamini wawili, mmoja wao mama mlezi wa mabweni ya wasichana, mjane. Hatukumuuliza lolote la maana. Tulimpa kwa dakika kumi. Baada ya miezi mitano aliacha kazi, akahama bila kuaga, na makato yakahamia kwenye mishahara ya wadhamini. Yule mama alikatwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Alikuwa akipita mbele ya ofisi yangu kila siku na kunisalimu kwa adabu ile ile. Salamu hiyo ilikuwa nzito kwangu kuliko tusi.

Mwaka uliofuata aliomba mpishi wetu mmoja, mama wa makamo, ambaye hakuwa mwajiriwa wa kudumu. Tulikuwa tumemruhusu kujiunga kwa hisa chache. Aliomba shilingi 80,000 anunue cherehani ya mtumba, ashone sare za shule wakati wa likizo, ambapo vibarua hawakulipwa. Hakuwa na hati ya mshahara. Mdhamini hakumpata, kwa maana baada ya yaliyompata mama mlezi hakuna aliyetaka kumdhamini mtu. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka: "Mama, si kwamba hatukuamini, ila utaratibu hauruhusu." Akajibu, "Sawa, Mwalimu," akarudi jikoni.

Nilipita miaka mingi nikiamini kwamba kosa langu lilikuwa lile la kwanza tu, na kwamba katika lile la pili nilikuwa nimejifunza. Siku mama huyo alipoaga kazi, tulimfanyia tafrija ndogo. Katika mazungumzo nikasikia kwamba kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wanne, wapishi, wafagiaji na wauza mboga wa sokoni. Kila wiki alikusanya fedha zao na kumkabidhi mwenye zamu. Alikuwa na madaftari. Nikamwomba anionyeshe, naye akayaleta kesho yake yakiwa yamefungwa kwenye kanga: majina, tarehe, kiasi, na alama ya vema kwa kila aliyelipa. Mwaka 1996 ulikuwamo, na mwezi ule tuliomkatalia ulikuwamo. Hakuna zamu iliyopotea.

"Kwa nini hukutuonyesha wakati ule?" nikamuuliza.

"Hamkuniuliza, Mwalimu."

Siwezi kudai kwamba angefanikiwa na cherehani ile. Pengine ingeharibika, pengine wateja wangekosekana. Huenda kamati ingeyasoma madaftari yale na bado ikaona ni vema kukataa. Hilo silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba ushahidi wa uaminifu wake ulikuwa hatua mia moja kutoka kwenye meza yetu, na sisi tukauita ukosefu wa dhamana. Kwa yule kijana tuliona fomu iliyojazwa vizuri tukadhani tumemwona mtu. Kwa yule mama hatukuona fomu, tukadhani hakuna mtu. Makosa mawili yale, niliyoyahesabu kuwa kinyume, yalikuwa kosa moja. Kote kuwili hatukujisumbua kujua.

Ndipo nilipofikia rai yangu, ambayo naitoa kwa unyenyekevu. Hakuna mtu mwenye haki ya kukopeshwa mali ya mwingine. Lakini kila anayeomba kwa nia njema ana haki ya kutazamwa. Mkopeshaji anayekataa baada ya kutazama ametimiza wajibu wake kwa mwenye amana na kwa mwombaji pia. Anayekataa bila kutazama ametumia amana yangu kama kisingizio cha uvivu wake. Tena hata amana yangu hakuilinda, maana jicho lisilomwona mwaminifu asiye na hati ni lile lile lisilomwona laghai mwenye hati.

Nitajibiwa kwamba kutazama kuna gharama, nami nimekwisha kukiri hivyo. Wanawake wa upatu hulipa gharama hiyo kwa kuishi pamoja. Wanajuana kwa misiba na kwa kuchota maji. Muhammad Yunus wa Bangladesh, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006 pamoja na Benki ya Grameen, alifanya ujirani huo uwe njia ya kukopesha wasio na hati, kwa kuwaweka katika vikundi vidogo. Njia hiyo imeenea hata kwetu. Nayo ina majonzi yake: nimeona wanakikundi wakimbebea mwenzao godoro na sufuria kwa sababu ya rejesho la wiki moja, huku mtoto wake akiwa kitandani mgonjwa. Kumjua mtu bila huruma nako ni hatari.

Wengine husema dawa ni serikali kuamuru riba ishuke. Wenzetu wa Kenya walifanya hivyo. Kuanzia Septemba 2016 sheria ilizuia riba ya mikopo isizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Wananchi walifurahi. Lakini benki, zilipoona haziwezi kumtoza mkopaji mdogo kiasi cha kufidia hatari yake, zilipunguza kumkopesha na kununua zaidi dhamana za serikali. Mnamo Novemba 2019 sheria hiyo ilifutwa. Bei ya mkopo inaweza kuamriwa. Imani haiamriki.

Wala tusidhani kwamba anayekataliwa na benki hurudi nyumbani akatulia. Haja iliyompeleka bado anayo. Huko mitaani wako wanaomngojea, wenye mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Hao hawaulizi hati. Humwachisha mtu kadi yake ya benki na namba ya siri, na mwisho wa mwezi huchukua mshahara kabla mwenyewe hajauona. Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, lakini kadi ikiwa mfukoni mwa mwingine, theluthi hiyo inamlinda nani? Nimewaona walimu wenzangu, watu wazima wenye vyeti, wakienda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu kwa sababu ya deni la namna hii. Mkopeshaji mwema anapofunga mlango, mkopaji husukumwa kuelekea kwa mkopeshaji mbaya. Hilo nalo liingie kwenye mizani.

Sasa nirudi kwa seremala. Nilikuwa na wazo la kumwekea dhamana kwa hati ya nyumba yetu. Sheria inasema nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na hata isingesema hivyo nisingethubutu. Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Huyu kijana unamjua, au unamhurumia?"

Swali hilo kamati yangu haikuwahi kuliuliza kwa miaka sita. Nilipojichunguza nilikuta namhurumia. Kumjua, nilimjua kwa salamu tu.

Basi tulikwenda wote wawili kwenye karakana yake, siku mbili tofauti. Tulikaa kwenye magogo ya mninga. Tuliona vitanda, na vitanda ni vizuri kweli. Tuliona pia kwamba hana daftari. Malipo ya wateja yako kichwani, na mengine kwenye ukuta kwa mkaa. Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati, alimwambia bila kumung'unya: "Mwanangu, mali bila daftari huisha bila habari. Benki isingeweza kukujua hata ingetaka. Wewe mwenyewe hujijui."

Nyumba hatukuiweka rehani. Tulimnunulia daftari, na kwa miezi minane akawa anakuja Jumapili kulipitia pamoja nasi. Kisha tukamkopesha kutoka akiba yetu shilingi 1,500,000, akaongeza za kwake, akanunua mashine ya mtumba. Makubaliano ni miezi kumi na tano. Ninapoandika haya amekwisha kulipa miezi saba. Mwezi wa nne hakulipa, kwa sababu mota iliungua. Lakini alikuja kutueleza siku sita kabla ya tarehe, daftari likiwa mkononi, na mwezi wa tano alilipa nusu zaidi. Kama atamaliza au hatamaliza, Mungu ndiye ajuaye. Akishindwa tutapoteza fedha tulizozitazama kabla ya kuzitoa, nasi tumekubaliana kwamba hatutamchukia.

Kuhusu swali lake la jioni ile, nimemjibu hivi. Kukosa mkopo si dhuluma. Kutotazamwa ndiyo dhuluma, na dhuluma hiyo ulitendewa. Lakini sehemu yake uliitenda mwenyewe, kwa kufika mbele ya mtunza amana bila kitu cha kutazamwa. Alifikiri kidogo, akauliza kama anaweza kurudi benki mwakani na daftari lake. Nikamwambia arudi. Kama afisa yule atalifunua, sijui. Nami nimeamua kwamba siku nitakayokwenda kuchukua fedha zangu benki hiyo hiyo, nitamwomba meneja dakika tano, nimwambie kuwa mmoja wa wenye amana angependa madaftari ya namna hiyo yafunuliwe.